Mwigizaji na Kumbukumbu Zake: Patrick Troughton, Tamthilia ya Doctor Who na Hatima ya Hifadhi za Televisheni, 1966–2013

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya mwigizaji wa Uingereza Patrick Troughton (1920–1987) katika tamthilia ya televisheni ya Doctor Who, pamoja na yaliyozipata kumbukumbu za kazi hiyo baada ya kurushwa hewani. Kati ya Novemba 1966 na Juni 1969 Troughton aliigiza mhusika mkuu katika vipindi 119. Kwa hesabu iliyofungwa baada ya ugunduzi wa mwaka 2013, vipindi 53 kati ya hivyo havikuwa na nakala ya picha katika hifadhi. Makala yanaonesha kwamba upotevu huo haukuletwa na vita wala moto. Uliletwa na taratibu za kawaida za ofisi: bei ya kanda, masharti ya mikataba, na mgawanyo wa majukumu ulioifanya kila idara idhani kwamba idara nyingine ndiyo inayohifadhi. Yanaonesha pia kwamba sehemu muhimu ya kilichookoka iliokolewa nje ya taasisi iliyoizalisha kazi hiyo, ikiwa ni pamoja na bara la Afrika. Kutokana na ushahidi huo, makala yanatoa mapendekezo manne kuhusu hifadhi za utangazaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi andishi ina bahati moja: kitabu kikichapishwa nakala mia tano, ni vigumu kwa taasisi moja kukifuta chote. Tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960 haikuwa na bahati hiyo. Ilitengenezwa na shirika moja, ikarekodiwa katika kanda moja, na uamuzi wa kuibakiza au kuiondoa ulikuwa mikononi mwa watumishi wachache ambao kazi yao haikuwa historia. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayetaka kuandika kuhusu uigizaji wa kipindi hicho hukuta kwamba swali lake la kwanza si la sanaa. Ni swali la ghala: kipi kilibaki, kwa nini kilibaki, na nani aliyekibakiza?

Doctor Who ni mfano unaofaa kulijadili swali hilo. Tamthilia hii ya bunilizi ya kisayansi ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika wake mkuu, anayeitwa Daktari, ni msafiri kutoka sayari nyingine anayekwenda mbele na nyuma katika wakati akiwa ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi wa Uingereza. Ilikatizwa mwaka 1989, ikarejea mwaka 2005, na inahesabiwa miongoni mwa tamthilia za bunilizi ya kisayansi zilizoishi muda mrefu zaidi katika televisheni ya dunia. Hata hivyo, tamthilia hii yenye umaarufu mkubwa ina pengo kubwa katika kumbukumbu zake. Kati ya vipindi 253 vya misimu yake sita ya kwanza, vipindi 97 vilikuwa bado havipo baada ya ugunduzi wa 2013: vipindi 44 vya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Daktari, na 53 vya Troughton, mwigizaji wa pili.

Makala yanamchagua Troughton kwa sababu mbili. Kwanza, ndiye aliyethibitisha kwamba tamthilia hiyo ingeweza kuendelea baada ya mwigizaji wake wa kwanza kuondoka. Pili, ushahidi wa namna alivyolithibitisha jambo hilo ndio ulioharibiwa zaidi.

2.0 Mwigizaji kabla ya 1966

Patrick Troughton alizaliwa Mill Hill, kaskazini mwa London, tarehe 25 Machi 1920. Alijifunza uigizaji katika shule iliyohusishwa na ukumbi wa Embassy huko London, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma Long Island, katika jimbo la New York. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, alirudi kwao kwa meli ya Kibelgiji. Meli hiyo iligonga bomu la majini ilipokaribia Uingereza, naye akaokoka kwa mashua. Mwaka 1940 alijiunga na jeshi la majini, ambako alifikia kuongoza boti ndogo za kivita zilizolinda pwani.

Baada ya vita alirudi jukwaani, na kuanzia mwaka 1947 akaanza kuonekana katika televisheni, chombo ambacho wakati huo waigizaji wengi wa jukwaa walikiona duni. Alikuwamo katika filamu mbili za Shakespeare zilizoongozwa na Laurence Olivier, yaani Hamlet ya 1948 na Richard III ya 1955. Mwaka 1953 aliigiza Robin Hood katika tamthilia ya BBC ya vipindi sita, na hutajwa kuwa mtu wa kwanza kumwigiza shujaa huyo katika televisheni. Mwaka 1963 alionekana katika filamu ya Jason and the Argonauts kama Phineas, mzee kipofu anayesumbuliwa na viumbe wenye mabawa.

Orodha hiyo inadhihirisha aina ya mwigizaji aliyekuwa. Troughton hakuwa nyota ambaye watazamaji humfuata kwa sura yake. Alikuwa mwigizaji wa wahusika: leo mfalme, kesho mlevi, keshokutwa muuaji, kila mara kwa sauti na mwendo mwingine. Alipenda kujificha nyuma ya uhusika na kwa miaka mingi aliepuka mahojiano. Sifa hiyo ndiyo iliyomfaa kwa kazi aliyopewa mwaka 1966.

3.0 Kubadili mwigizaji, kudumisha mhusika

Kufikia katikati ya mwaka 1966 afya ya William Hartnell ilikuwa imedhoofika kiasi kwamba kukariri maneno kulikuwa kumekuwa shida, na uhusiano wake na watayarishaji wapya haukuwa mzuri. Kwa kawaida ya wakati huo, zilikuwapo njia mbili. Tamthilia ingeweza kufungwa, au mwigizaji mwingine angeletwa amwige yule wa kwanza na watazamaji waombwe wajifanye hawakuona tofauti. Mtayarishaji Innes Lloyd na wenzake walichagua njia ya tatu: mabadiliko yenyewe yakawa sehemu ya kisa. Kwa kuwa Daktari si binadamu, mwili wake ungeweza kuchakaa na kujihuisha, na mtu anayeinuka baada ya hapo angekuwa yuleyule mwenye sura na tabia nyingine. Tarehe 29 Oktoba 1966, mwishoni mwa kisa cha The Tenth Planet, Hartnell alianguka sakafuni na uso wake ukageuka kuwa wa Troughton. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Novemba, kikaanza kisa cha The Power of the Daleks.

Kwa mtazamo wa nadharia ya usimulizi, hatua hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Ilitenganisha mhusika na mwili wa mwigizaji, jambo ambalo fasihi simulizi imelijua tangu zamani, kwani Sungura wa ngano hubaki Sungura hata fanani akibadilika. Katika televisheni, ambako uso wa mwigizaji huingia sebuleni kila juma na kuzoeleka kama uso wa jirani, lilikuwa jaribio la hatari. Wasomaji wa leo wanaojua kwamba Daktari ameshaigizwa na waigizaji wengi hudhani lilikuwa jambo la wazi. Mwaka 1966 halikuwa hata na jina. Istilahi ya Kiingereza inayotumiwa sasa ilitamkwa ndani ya tamthilia kwa mara ya kwanza mwaka 1974.

Namna ya kumwigiza Daktari mpya ilijadiliwa kwa muda. Miongoni mwa mawazo yaliyotolewa na Troughton mwenyewe lilikuwamo la kujipaka rangi usoni na kuvaa kilemba, ili baadaye asitambulike akitafuta kazi nyingine. Wazo hilo, ambalo leo lingehesabiwa kuwa dharau kwa watu wa jamii nyingine, liliachwa. Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa tamthilia BBC na mmoja wa waasisi wa kazi hiyo, ndiye anayetajwa kuelekeza kwamba Daktari awe kama mzururaji wa angani, kwa mfano wa Charlie Chaplin. Matokeo yake yalikuwa mhusika mwenye koti kubwa kuliko mwili, suruali ya mirabamiraba na zumari mfukoni, anayejifanya mjinga mbele ya adui hadi adui ajisahau. Hartnell alikuwa ameigiza mamlaka ya mzee. Troughton aliigiza werevu wa mnyonge.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Vipindi 119 vilirushwa katika muda usiotimia miaka mitatu, kimoja kwa wiki kwa sehemu kubwa ya mwaka. Uchovu huo ni miongoni mwa sababu zilizomfanya Troughton aondoke baada ya kisa cha vipindi kumi cha The War Games, kilichomalizika tarehe 21 Juni 1969. Baadaye aliigiza, miongoni mwa kazi nyingine nyingi, padri mwenye hofu katika filamu ya The Omen ya 1976, na akarudi mara tatu kama Daktari katika visa maalumu vya 1972–73, 1983 na 1985.

4.0 Jinsi kumbukumbu zilivyopotea

Vipindi vya Troughton vilirekodiwa katika kanda za video zenye upana wa inchi mbili. Kanda hizo zilikuwa ghali, lakini zilikuwa na sifa moja iliyowapendeza wahasibu: zingeweza kufutwa na kutumiwa tena. Machoni pa idara ya uhandisi, kanda ilikuwa kifaa cha kazi kama ubao wa mwalimu. Hapakuwa na sababu ya kuacha ubao umejaa maandishi ya somo lililokwisha.

Masharti ya mikataba yaliongezea uzito hoja hiyo. Makubaliano na vyama vya waigizaji na wanamuziki yaliwekea mipaka marudio ya vipindi, kwa kuwa wasanii walihofu kwamba marudio yasiyo na kikomo yangewanyima kazi mpya. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ilizaa jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: kipindi kisichoweza kurudiwa kilionekana kuwa mzigo katika rafu. Ilipofika Novemba 1969 BBC1 ikaanza kurusha matangazo ya rangi, kazi za rangi nyeusi na nyeupe zikapoteza hata thamani ndogo ya biashara iliyokuwa imebaki. Kanda za kisa cha pili cha Troughton, The Highlanders, ziliidhinishwa kufutwa Machi 1967, yapata miezi miwili tu baada ya kurushwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kanda asili za vipindi vya enzi hiyo zilikuwa zimefutwa.

Kufutwa kwa kanda hakukuwa mwisho wa jambo, kwani zilikuwapo nakala za filamu. Idara ya mauzo ya nje, BBC Enterprises, ilitengeneza filamu za milimita 16 kwa kuelekeza kamera kwenye skrini wakati kanda ikicheza. Njia hiyo ilikuwa na faida ya kiufundi: nchi mbalimbali zilitumia mifumo tofauti ya mistari ya picha, lakini filamu ingeweza kuoneshwa na kituo chochote chenye mashine ya kawaida. Muda wa mauzo ulipokwisha, idara hiyo nayo ikaanza kuondoa filamu zake, na kazi hiyo ikaendelea kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970 hadi 1978.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Idara ya uhandisi ilifuta kanda ikijua kwamba idara ya mauzo ina filamu. Idara ya mauzo ilitupa filamu ikiamini kwamba maktaba ya filamu ya shirika ina nakala. Maktaba ya filamu haikuwa na wajibu wa kuhifadhi kazi zilizorekodiwa katika video. Kila ofisi ilifuata utaratibu wake, na kwa mujibu wa utaratibu huo hakuna iliyokosea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. BBC ilikuwa na madaftari mengi, lakini hayakusomwa pamoja. Mwaka 1978 ndipo shirika lilipoanza kuwa na maktaba iliyounganisha filamu na video, pamoja na mteuzi wa kumbukumbu, Sue Malden, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua nini kibaki kwa faida ya baadaye.

Athari kwa kazi ya Troughton haikuwa sawa katika misimu yote. Katika vipindi 35 alivyoigiza katika msimu wake wa kwanza, vilivyokuwapo baada ya 2013 ni 7. Msimu wa pili, vipindi 22 kati ya 40. Msimu wa tatu, 37 kati ya 44. Vipindi vyake 11 vya kwanza, ambamo mwigizaji alikuwa akimtafuta mhusika mbele ya macho ya watazamaji, vyote havimo katika hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, mtafiti anaweza kumwona Troughton alipokwisha kumpata Daktari wake, lakini hawezi kumwona akimtafuta.

5.0 Nakala zilizosafiri

Filamu za BBC Enterprises ziliuzwa katika mabara yote. Katika Afrika, wanunuzi wa vipindi vya miaka ya 1960 walikuwa pamoja na Nigeria, Kenya, Uganda, Zambia, Sierra Leone na Ethiopia. Televisheni ilikuwa imeanza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Vituo hivyo vichanga vilihitaji kujaza saa za matangazo kabla havijawa na studio na waigizaji wa kutosha, hivyo vikategemea sana vipindi vya kununua. Tanzania haikuweza kuwamo katika soko hilo: Zanzibar ilianza televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994.

Utaratibu wa biashara hiyo unahitaji kueleweka, kwa kuwa ndio ulioamua nini kingeokoka. Nakala moja ya filamu haikuuzwa kwa kituo kimoja tu. Kituo kilipomaliza kuitumia kilitakiwa kuirudisha London, kuiharibu na kutoa uthibitisho, au kuituma kwa mnunuzi aliyefuata, mara nyingi katika nchi nyingine. Filamu zilizunguka kama barua ya mzunguko. Kila kituo kikawa mlinzi wa muda wa kazi ambayo mwenyewe alikuwa akiiharibu nyumbani, bila kituo hicho kujua.

Baadhi ya walinzi hao hawakutimiza sharti la kuharibu. Katika miaka ya 1980 vipindi vya enzi ya Hartnell vilipatikana Nigeria. Mwishoni mwa 1991 vipindi vyote vinne vya The Tomb of the Cybermen, kisa cha Troughton cha Septemba 1967, vilipatikana katika kituo cha televisheni cha Hong Kong. Kisha Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba mtafiti wa kumbukumbu Philip Morris amepata, katika kituo cha kupokezea matangazo mjini Jos, Nigeria, filamu za visa viwili vya Troughton: The Enemy of the World na The Web of Fear. Vipindi tisa vilivyokuwa vimehesabiwa kupotea vilirejea kwa pamoja, na idadi ya vilivyopotea ikashuka kutoka 106 hadi 97.

Ugunduzi wa Jos unageuza dhana iliyozoeleka katika mijadala ya hifadhi, kwamba kumbukumbu huwa salama Ulaya na hatarini Afrika. Katika mfano huu, ghala la London lilifuta kwa mpango, na rafu ya Jos ikabakiza kwa kutoguswa. Hata hivyo haifai kuligeuza jambo hilo kuwa sifa ya bure. Filamu hizo hazikubaki kwa sababu ya sera. Zilibaki kwa sababu hakuna aliyezihitaji wala aliyehitaji nafasi yake. Kipindi cha tatu cha The Web of Fear, ambamo mhusika maarufu Lethbridge-Stewart anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza, hakikuwamo miongoni mwa vilivyorejea. Bahati huokoa, lakini haina wajibu wa kumaliza kazi yake.

6.0 Sauti, picha tuli na vipande vya wakaguzi

Nje ya vituo vya televisheni, kulikuwa na aina tatu nyingine za mabaki, na kila moja ina fundisho lake.

Ya kwanza ni sauti. Vipindi vyote vilivyopotea vimebaki kwa sauti, kwa kuwa watazamaji kadhaa, baadhi yao vijana, walivirekodi nyumbani kwa kinasa sauti kilichowekwa karibu na televisheni. Hawakuwa na idhini wala bajeti. Mwaka 2016 BBC ilipotoa The Power of the Daleks kwa michoro ya katuni, miaka hamsini baada ya kurushwa, sauti ya Troughton iliyosikika ilitokana na rekodi za namna hiyo.

Ya pili ni picha tuli. Mpiga picha John Cura alifanya biashara ya kupiga picha za skrini wakati kipindi kikirushwa, na kuwauzia waongozaji na waigizaji waliotaka kumbukumbu ya kazi yao. Vipindi vingi vya Troughton ambavyo havina filamu vina mfululizo wa picha hizo.

Ya tatu inashangaza zaidi. Wakaguzi wa Australia walikata sehemu walizoziona kuwa za kutisha mno kwa watoto, na kwa kuwa ukaguzi ulitakiwa kuweka kumbukumbu, vipande vilivyokatwa vilihifadhiwa. Vilipatikana mwaka 1996 katika Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo. Hivyo basi, katika visa kadhaa picha pekee zinazotembea zilizobaki ni zile ambazo mtu fulani aliamua zisionekane.

Kwa mtafiti wa lugha, mabaki haya yana mpaka unaopaswa kutajwa. Sauti na hati ya mazungumzo vinatosha kuchambua msamiati, lafudhi na zamu za usemi. Havitoshi kumchambua mwigizaji ambaye sehemu kubwa ya maana yake ilikuwa katika uso, mikono na kimya. Troughton alizoea kusema neno la utani huku macho yake yakionesha hofu, na maana ya tukio ikawa katika mgongano wa hayo mawili. Katika rekodi ya sauti, utani hubaki na hofu hupotea.

7.0 Ugunduzi unavyobadili hukumu ya kihistoria

The Enemy of the World kilirushwa kuanzia Desemba 1967 hadi Januari 1968. Ndani yake Troughton aliigiza watu wawili: Daktari, na Salamander, dikteta anayefanana naye. Kabla ya 2013 kilikuwapo kipindi kimoja tu kati ya sita, cha tatu, ambacho kina vitendo vichache. Kwa miaka mingi kisa hicho kilitajwa kuwa cha wastani au dhaifu. Vipindi vingine vitano vilipoonekana, hukumu iligeuka: wachambuzi waliona jinsi mwigizaji alivyotenganisha watu wawili wenye uso mmoja kwa mwendo, mkao na namna ya kutazama, na kisa kikapanda katika tathmini za wafuatiliaji wa tamthilia hiyo.

Kilichobadilika si kazi. Kilichobadilika ni ushahidi. Mfano huu unapaswa kuwapa tahadhari wote wanaoandika historia ya sanaa za maonesho kwa kutegemea mabaki, wakiwemo wanaotafiti tamthilia za Kiswahili za redio na televisheni. Kazi iliyopo hupata nafasi ya kusomwa, kufundishwa na kusifiwa, na ile isiyokuwapo huhesabiwa kuwa haikuwa na thamani. Kwa njia hiyo uamuzi wa mtunza ghala hugeuka kuwa hukumu ya mhakiki bila mhakiki kutambua.

Troughton mwenyewe hakuyaona mabadiliko hayo. Alifariki tarehe 28 Machi 1987 huko Columbus, Georgia, nchini Marekani, alikokuwa amealikwa katika mkutano wa wapenzi wa tamthilia hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 67. The Tomb of the Cybermen ilipatikana miaka minne baadaye.

8.0 Mafunzo kwa hifadhi za utangazaji wa Kiswahili

Kiswahili kimekuwa lugha ya utangazaji kwa miongo mingi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Sauti ya Kenya na mrithi wake, KBC, zilizaa tamthilia za vichekesho kama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi muziki, ngonjera, hotuba na michezo ya redio ambayo ni sehemu ya historia ya lugha yenyewe. Msamiati wa siasa, wa mahakama na wa mtaani uliingia masikioni mwa watu kupitia vipindi hivyo kabla haujaingia katika kamusi. Vilirekodiwa katika kanda za sumaku, na kanda za sumaku huharibiwa na joto, unyevu na muda. Akiba haiozi, wasemavyo Waswahili, lakini akiba ya kanda huoza. Ushahidi uliojadiliwa katika makala haya unaelekeza kwenye mapendekezo manne.

Kwanza, wajibu uwe na mwenyewe. Kila shirika la utangazaji la umma liwe na afisa mmoja mwenye mamlaka ya kuzuia ufutaji, na idara yoyote isifute kumbukumbu kabla ya kupata idhini yake kwa maandishi. Hasara ya London ilitokana na kukosekana kwa afisa huyo hadi 1978.

Pili, matangazo yaingizwe katika sheria za kuwasilisha nakala kwa hifadhi ya taifa. Sheria nyingi za aina hiyo duniani ziliandikwa kwa kufikiria vitabu na magazeti. Ufaransa ilipanua sheria yake mwaka 1992 ili ihusu pia redio na televisheni, na taasisi yake ya kumbukumbu za sauti na picha ikapewa jukumu hilo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kuoanisha masharti yao badala ya kila moja kuanza peke yake.

Tatu, nakala zisambazwe kwa makusudi. Doctor Who iliokolewa na mtawanyiko ambao haukupangwa. Mtawanyiko uliopangwa ungekuwa bora zaidi: nakala ya dijitali ya rekodi za Dar es Salaam iwepo Nairobi, na ya Nairobi iwepo Kampala au Zanzibar, kwa mkataba unaolinda haki za wasanii. Haki hizo zisichukuliwe kuwa kikwazo. Mikataba ya miaka ya 1960 ilikosea kwa kuchanganya haki ya kurudia kipindi na haki ya kukihifadhi, ilhali kuhifadhi hakumnyimi msanii malipo yake.

Nne, rekodi za watu binafsi zitafutwe. Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara kuna kaseti zilizorekodiwa kutoka redioni. Mwito wa kitaifa, unaotoa hakikisho kwamba mwenye kaseti hatashtakiwa kwa kurekodi na kwamba atarudishiwa mali yake, ungeweza kuleta vipindi ambavyo vituo vyenyewe havina. Siku ya Kimataifa ya Urithi wa Sauti na Picha, ambayo UNESCO imeitenga tarehe 27 Oktoba kila mwaka, ni fursa ya kutoa mwito huo.

9.0 Hitimisho

Kazi ya Patrick Troughton inaonesha mambo mawili kwa pamoja. Upande mmoja, inaonesha uwezo wa sanaa ya uigizaji kudumisha mhusika baada ya mwili uliombeba kuondoka; tamthilia iliyotarajiwa kukoma mwaka 1966 iliendelea kwa sababu mwigizaji mmoja alikubali kuwa mtu yuleyule kwa namna nyingine. Upande wa pili, inaonesha udhaifu wa chombo kilichoibeba sanaa hiyo. Mhusika aliokolewa kwa uamuzi wa wazi uliojadiliwa na watu waliojua wanachokifanya. Kumbukumbu za mwigizaji ziliachiwa orodha za ghala, na zile zilizookoka zinadaiwa watoto wenye vinasa sauti, mpiga picha aliyetafuta riziki, wakaguzi waliokata, na rafu moja mjini Jos.

Watafiti wa Kiswahili wa miaka hamsini ijayo watauliza lugha ilisikikaje redioni na katika televisheni katika nusu ya pili ya karne ya ishirini. Sehemu ya jibu bado imo katika kanda zilizopo leo. Uamuzi kuhusu kanda hizo unafanywa sasa, katika bajeti za mwaka na katika orodha za vifaa vya kuondolewa, na mara nyingi hufanywa na watu ambao hawajaulizwa maoni na mtafiti yeyote wa lugha. Kazi ya kwanza ya watafiti na washauri wa sera ni kuhakikisha kwamba wanaulizwa.